Kujifunza kuogelea ukubwani, kwa aliyeikimbia bahari

Anza na beseni. Bahari iache kwanza. Chukua beseni la kufulia, lijaze maji ya uvuguvugu hadi nusu, liweke uani juu ya kigoda, nawe upige magoti mbele yake. Vuta pumzi kwa mdomo, inamisha uso majini mpaka masikio yazame, kisha toa pumzi kwa pua polepole huku ukiguna "mmmm". Ukiguna, pua haivuti maji, kwa sababu pumzi inatoka. Pumzi ikikwisha inua uso, pangusa macho, vuta nyingine. Fanya mara kumi. Kesho mara kumi tena.

Nilikuwa na miaka 41 nilipolifanya hili kwa mara ya kwanza, usiku baada ya sala ya Isha, nyumbani kwetu mtaa wa Langoni, mjini Lamu, au Amu kama tusemavyo wenyewe. Watoto wakubwa walikuwa wamelala, na kitindamimba wangu ameketi kwenye ngazi akinihesabia. Usiku ule nilifika mbili. Uso ulipogusa maji, vidole viling'ang'ania ukingo wa beseni hata likainama, maji yakamwagika mapajani, nami nikainuka nikitweta kama niliyefukuzwa. Mtoto hakucheka. Alisema, "Mbili, mama," akangoja. Wazee wetu husema maji ya kifuu, bahari ya chungu, yule mdudu mdogo. Beseni lile lilikuwa bahari yangu kwa wiki tatu nzima, na namwomba kila anayesoma haya asiliruke kwa kuliona dogo.

Nieleze nilikotoka. Nilipokuwa na miaka 20 tulikuwa tukienda arusini kisiwani Pate. Boti ilipakiwa watu kupita kiasi, msimu wa kusi, upepo wa kusini, jua limeshatua. Wimbi liliingia ubavuni, boti ikalala. Nilikumbatia dumu tupu la mafuta la lita 20 mpaka mashua ya wavuvi ikatufikia. Tulitoka sote hai, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile kila nikikanyaga boti mwili wangu wote ulikuwa ukitetemeka, magoti mpaka meno. Na mtu wa Amu atakwepaje boti? Ndege inatua kisiwa cha Manda, basi la Mombasa linaishia Mokowe, upande wa bara, na kote huko lazima uvuke maji. Nilivuka nilipolazimika, nimejifunika uso kwa leso. Kwenda kwa mamangu Faza, kisiwani Pate, nilikuwa nikitafuta udhuru mwezi baada ya mwezi.

Mama alifariki siku ya Jumatano. Boti mbili ziliondoka gatini nami nimesimama palepale na mkoba mkononi. Nilifika siku ya nne, matanga yameshaondolewa.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyevua samaki maisha yake yote na sasa anakaa Shela, hakunilaumu. Aliniketisha barazani akaniuliza, "Mwanangu, waogopa boti au waogopa maji?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilifikiri, nikamjibu naogopa maji. "Basi boti tuiache," akasema. "Tuanze na maji."

Mwalimu, nguo na dumu

Usiingie peke yako, hata maji yawe ya kiunoni. Mwalimu awe anajua kuogelea, awe anapajua mahali penyewe, tena awe mtu usiyeona haya kulia mbele yake, kwa maana utalia. Kwetu wanawake pana suala la sitara pia. Mimi nilibahatika, mjomba ni maharimu wangu, ndugu nisiyeweza kuolewa naye. Asiye na mjomba wala kaka amtafute mwanamke mwenzake; wanaojua kuogelea ni wengi kuliko tunavyodhani, hawaulizwi tu. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia azungumze na daktari kwanza.

Dera usiingie nalo. Nililijaribu siku ya kwanza: likaingia hewa chini likafura kama tanga, halafu lilipokwisha kunywa maji likanizonga miguu nikashindwa kusimama kwenye maji ya magotini. Buibui ni vivyo hivyo, na leso hufunguka. Nilimpelekea fundi cherehani kitambaa chepesi cha nailoni, akanishonea suruali ya kubana na kanzu fupi ya mikono mirefu inayofika magotini, yenye mipasuo miwili ubavuni. Kichwani nikavaa kilemba cha kubana kinachopita chini ya kidevu. Nilikuwa nimesitirika kama niendapo sokoni, na miguu ilikuwa huru.

Kitu cha mwisho ni dumu la lita 5, tupu, safi. Kata kipande cha mpira wa baiskeli, kiweke ndani ya kifuniko, ukaze. Lizamishe kwenye pipa ulikamue. Likitoa mapovu halifai. Maji ya bahari yana chumvi ya kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, nayo hukubeba kuliko ya kisimani, kwa hiyo dumu hilo dogo linatosha kukuweka kichwa juu. Hata hivyo usilifanye badala ya jaketi la kuokolea. Dumu ukiliachia linakwenda zake.

Fuata mwezi

Wengi huacha mazoezi kwa kuwa waliyapangia saa ya ukutani. Mtu anasema kila siku nitaingia saa kumi na mbili asubuhi. Leo anakuta maji ya kifuani, baada ya wiki anakuta matope na kaa, anavunjika moyo, anajiona yeye ndiye mwenye kasoro. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Anayetaka kudumu na bahari sharti akubali kuhama nayo.

Mjomba alinifundisha kuhesabu kwa mwezi wa Kiislamu, nami nikawa na daftari la shule la kurasa 48. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo penye bamvua: maji hupanda sana na kupwa sana, na huku kwetu tofauti yake hufika kama mita tatu. Siku hizo hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Mwezi ukiwa nusu, yaani karibu na tarehe 8 na tarehe 23, ni maji mafu: hayapandi sana, hayapwi sana, mkondo umelegea, na hujaa saa nne saa tano asubuhi. Mimi nauza mahamri. Saa tatu sinia langu limekwisha. Maji mafu yakawa yangu, siku nne au tano kila upande wa mwezi. Siku nyingine zote nilibaki na beseni langu.

Kwa hesabu hiyo nilikuwa nikiingia baharini siku tisa au kumi tu kwa mwezi, na katika hizo mbili tatu huenda mtoto ana homa au nina ada ya mwezi. Nilikuwa nikilia kwamba ni chache. Leo naona zilinifaa. Ningejilazimisha kila siku, ningechoka kabla ya mwezi wa pili. Siku ambazo bahari haikunitaka nilipumzika bila kujilaumu, na siku yake ilipofika nilikuwa nimeshaijua tangu juzi, imeandikwa, sikuwa na la kujadiliana na nafsi yangu. Nashikilia jambo hili kuliko lolote jingine ninaloeleza hapa. Ukiamka asubuhi ndipo uiulize nafsi kama yataka kwenda, jibu ni hapana. Iandike usiku, na saa uachie mwezi ukupangie.

Sasa saa yenyewe ya kuingia. Tangu kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Saa ya kwanza maji huja kidogo, ya pili yanaongezeka, ya tatu na ya nne ndipo inapopita nusu ya maji yote, halafu yanalegea tena. Ingia nusu saa kabla maji hayajasimama, yaani hayajajaa kabisa, utoke nusu saa baada yake. Ule mlango wa bahari kati ya Amu na Manda, katikati ya bamvua, humchukua hata kijana mwenye misuli, tena ni njia ya boti. Mwanafunzi hana kazi huko. Ufuo mrefu wa Shela nao, ule wa kilomita 12 uliotazama bahari kuu, uuache mpaka uwe mwogeleaji kweli, na wakati wa kusi uuache kabisa.

Sisi tulichagua kipande cha mchanga kati ya mji na Shela, karibu na ukuta wa zamani. Kuna faida yake. Kutoka Langoni kwenda Shela kwa pwani ni kama kilomita tatu, dakika arubaini na kitu kwa miguu, lakini maji yakijaa ile njia ya chini hufunikwa na wapita njia hupanda ya juu. Saa ile ile niliyohitaji maji ndiyo saa ambayo hapakuwa na macho ya watu. Mwanamke mwenzangu, angalia pwani yako kwa jicho hilo. Utapata pako.

Kabla ya kupaogelea, patembee maji yakipwa. Nilikwenda na kikapu, nikatoa vipande vya chupa, mfumbati wa kitanda cha kamba na misumari miwili. Niliyaona mawe yalipo, nikaona wapi mchanga unashuka ghafla. Siku ya kuingia nilikuwa nikijua kila nikanyagapo. Na unapoingia, kokota nyayo, usiinue miguu: samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga, akisikia mtikisiko hukimbia, akikanyagwa huchoma kwa mwiba wake. Aliyechomwa aloweke mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, apelekwe hospitali. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wakionekana wanaelea, rudini nyumbani siku hiyo.

Kuelea

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Nilianza beseni Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kuelea bila mkono wa mtu nilikuweza Mfunguo Tatu, karibu na Idi Kubwa.

Siku tatu za kwanza kaa tu. Kaa kwenye mchanga maji yakiwa ya tumboni, yaache mawimbi madogo yakusukume, ugune ndani ya maji kama ulivyofanya kwenye beseni. Usifanye zaidi. Mjomba alikuwa akikaa kando yangu akizungumzia bei ya kamba na ndugu zetu wa Kizingitini, mambo ya kawaida kabisa, na baadaye nilielewa alikuwa akiufundisha mwili wangu kwamba mtu anaweza kuwa majini na bado akazungumza mambo ya kawaida.

Halafu lala chali. Mwalimu asimame nyuma ya kichwa chako, maji yamfike kiunoni, kiganja kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya mgongo. Masikio yazame, na hapa wengi hukataa kwa kuwa sauti hubadilika, ukasikia moyo wako. Tazama juu. Kidevu kielekee mbinguni. Ukikivuta kifuani kutazama miguu, kiuno kinazama na wewe mzima unakifuata. Tandaza mikono kama msalaba. Jaza mapafu, ishike pumzi kidogo, itoe, ijaze tena upesi.

Mimi nilikuwa nikizama kwa kukaza mwili. Mjomba aliniambia nilegee, na hakuna neno gumu kama hilo kumwambia mwenye hofu. Ni kama kumwambia mwenye njaa ashibe. Kilichonifungua ni kazi yangu mwenyewe. Siku moja asubuhi nakaanga, nikaitazama karai. Hamri lililoumuka vizuri ukilitia kwenye mafuta linazama kidogo, linafura, linapanda lenyewe, kwa kuwa ndani lina uwazi. Donge nililolifinya kwa haraka likakaa chini likaungua. Siku ile majini sikujiambia nilegee. Nilijaza kifua hewa nikakiacha kifure, nikanyoosha vidole vilivyokuwa ngumi. Kiganja cha mgongoni kikatoka, sikujua. Vikabaki vidole viwili chini ya kisogo, navisikia kama ncha za kalamu. Kisha nikasikia mjomba anakohoa, na kikohozi kinatoka mbali, miguuni kwangu. Vidole havikuwapo. Nilikaa pumzi nne. Ya tano nikakumbuka, nikazama, nikasimama nikicheka na kamasi zinanitoka.

Ukishaelea pumzi ishirini, jifunze kugeuka: kutoka kifudifudi hadi chali, kwa kuviringisha bega. Fanya mpaka ichoshe. Huku kugeuka chali ndiko kutakakokuokoa siku ya siku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kila nikiifikiria idadi hiyo nafikiria wangapi wangepata dakika kumi zaidi kama wangejua kulala tu juu ya maji wangoje.

Kamba ya pima kumi na nne

Kuogelea kwenyewe kunakwenda haraka zaidi ya unavyodhani, kwa aliyekwisha kuelea. Shika dumu kwa mikono miwili, mbele yako, upige miguu kutoka nyongani, magoti yasikunjike sana. Kisha jifunze mtindo wa chura, ndio unaomfaa mtu mzima mwenye hofu kwa kuwa uso waweza kukaa juu: vuta miguu ndani, ifungue, ikusanye kwa nguvu, mikono ikigawa maji mbele ya kifua. Halafu teleza, hesabu moja, mbili, kabla ya kupiga tena. Wanaochoka ni wale wasioteleza.

Mjomba alifunga kamba baina ya nguzo mbili alizozikita sambamba na ufuo, pima kumi na nne, yaani kama mita 25, na fundo kila baada ya pima mbili. Maji ya kifuani mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza nilifika fundo la pili. Niliandika daftarini: tarehe 22, fundo 2. Usijiandikie "nimeweza" wala "nimeshindwa". Andika fundo. Kurasa za daftari langu zina fundo 2, fundo 2, fundo 3, fundo 1, fundo 3, na ile fundo 1 ilikuwa siku niliyogombana na mwenye nyumba nikaja na hasira, mwili umekaza.

Siku utakayorudi nyuma

Itakuja. Yangu ilikuja Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, wageni wanaanza kumiminika na boti zinakwenda mbio kutwa. Nilikuwa fundo la tano. Boti moja ilipita karibu mno kwa kasi, wimbi lake likanifunika kichwa, maji ya chumvi yakaniingia puani, nami mara moja nikawa na miaka 20, usiku, kusi. Nilimparura mjomba shingoni. Nilitoka, nikavaa buibui juu ya nguo mbichi, nikaenda nyumbani bila kuaga.

Sikurudi kwa siku ishirini na sita. Beseni nililigeuza nikawekea unga.

Wakati wa Maulidi nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu tukitazama mashindano ya kuogelea ya vijana mbele ya mji. Kila mtu alikuwa akimshangilia wa kwanza. Mimi macho yangu yalimwangukia wa mwisho kabisa, kijana mwembamba, kachoka. Alisimama katikati ya maji, akageuka chali, akalala pale kama aliye kitandani kwake, kifua kinapanda na kushuka, labda pumzi kumi. Kisha akageuka, akaendelea mpaka mwisho. Nikasema moyoni, hilo mbona nalijua. Nililifanya mara mia. Siku ile ya wimbi sikulikumbuka, basi.

Mwezi mpya, tarehe 4, mjukuu wa mjomba alibisha hodi mlangoni. Alikuwa na ujumbe wa maneno machache: "Babu asema kesho maji yasimama saa mbili." Hakuna nasaha, hakuna swali. Saa mbili haikuwa saa yangu, mahamri yalikuwa hayajauzwa. Nilimwachia wifi yangu sinia, nikaenda.

Kwa hiyo nikwambie namna ya kurudi. Usianzie pale ulipoachia, na usianze upya kabisa. Rudi hatua mbili. Mimi nilirudi kwenye kukaa mchangani na kuguna, siku moja. Siku ya pili kuelea. Siku ya tatu tukafanya jambo jipya: mjomba alinimwagia maji usoni makusudi kwa kopo, mara thelathini, na kila mara nilitakiwa kupuliza pua na kugeuka chali. Lile lililokutisha lifanye zoezi, kwa kipimo kidogo, na mtu unayemwamini. Na wewe uliye mwalimu au ndugu: mtu wako akitoweka, mtumie saa ya maji. Lawama anazo za kutosha.

Siku hizo mwanangu alinionyesha kwenye simu habari za Natalie du Toit wa Afrika Kusini. Mwaka 2001, akiwa na miaka 17, aligongwa na gari akitoka mazoezini kwenye pikipiki yake ndogo, akakatwa mguu wa kushoto. Alirudi majini miezi michache baadaye, kabla hajajifunza kutembea tena. Mwaka 2008 kwenye Olimpiki ya Beijing aliogelea kilomita 10 pamoja na wenye miguu miwili, bila mguu wa bandia, akawa wa 16. Nilichokichukua kwake ni ule mpangilio: maji kwanza, kutembea baadaye. Alianza na mahali ambapo mwili wake ulikuwa bado una kitu cha kumpa.

Kutoka majini kwenda botini

Nilipofika mafundo yote saba, kwenda na kurudi, mjomba alisema sasa boti. Nako tulipanda ngazi moja moja. Kwanza nilikaa kwenye mashua iliyofungwa, maji yakipwa, imekaa juu ya mchanga. Kisha iliyofungwa ikielea. Kisha tukajirusha kutoka ubavuni, maji ya shingoni, tukapanda tena, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa ukiamini kwamba kutoka botini ni kufa. Kisha nikavuka kwenda Mokowe siku ya maji mafu, jaketi la kuokolea limefungwa vifungo vyote, macho wazi. Jaketi livae hata ukiwa bingwa. Na boti ikiwa imejaa kupita kiasi, shuka. Nimeshuka mara mbili tangu hapo, nauli ikabaki kwa mwenye boti, na sikujali maneno ya abiria.

Jambo moja zaidi la wakati huu: ukishajua kuogelea utatamani kumrukia anayezama. Usimrukie. Mfa maji hukamata maji, na akikukamata mtakwenda wawili. Mtupie dumu, kamba, kasia, chochote kinachoelea.

Khitma ya mwaka ya mama nilikwenda. Tulipita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, mikoko imetusonga pande zote mbili, na nahodha akapunguza mwendo kungoja maji yaongezeke kwenye kina kifupi. Wenzangu walikuwa wanalalamika kwa kuchelewa. Mimi nilitia mkono nje ya boti, maji yakapita baina ya vidole, ya uvuguvugu, nikajikuta naguna taratibu, "mmmm", bila kukusudia. Tulipotoka nje kwenye mawimbi tumbo liliniuma. Linaniuma bado kila safari. Nafika nalo.

Hivi sasa wapo wanawake watatu mtaani kwetu wenye mabeseni uani. Mmoja ni bibi wa miaka 58, yuko kwenye sita. Mmoja ameshamaliza wiki zake tatu na fundi amemshonea nguo. Jana usiku nilimtuma mwanangu nyumba kwa nyumba: tarehe 8 maji yasimama saa nne na nusu, na kila mtu aje na dumu lake, kifuniko kimekazwa.